Bastola ya kwanza ya mchezo: nilichowajibu vijana wa Mikelenge

Wiki hizi nimepokea swali ambalo sikulizoea. Huwa mnaniuliza bei ya mchele, hali ya barabara ya Kasongo, treni itafika lini, mgawo wa chakula utakuwa siku gani. Safari hii kijana mmoja wa miaka 16, aliyefika hapa na mama yake kutoka upande wa Shabunda, ameniuliza hivi: «Papa, mtu akitaka kuanza mchezo wa kulenga shabaha, anunue kwanza bastola ya namna gani?» Wenzake watatu walikuwa nyuma yake wakingoja jibu.

Najua wengine mmeshituka kusoma tu neno hilo. Katika mji huu pistole haijawahi kuwa kitu cha mchezo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1997, na tena Oktoba 1998, wanakumbuka ni akina nani waliokuwa wakizivaa kiunoni wakitembea Kasuku na Mikelenge. Hata hivyo swali la mtoto lisipojibiwa na mzazi litajibiwa na mtu mwingine, na hapa kwetu tunamjua huyo mtu mwingine ni nani. Ndiyo maana nimeamua kulijibu sawasawa, kama ningejibu swali la velo au la mpira.

Swali lilitoka kwenye picha. Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mzee mmoja wa Uturuki, Yusuf Dikeç, miaka 51, alisimama kwenye mstari na fulana yake ya kawaida, miwani yake ya kila siku, mkono mmoja mfukoni, akapiga shabaha kana kwamba anangoja mtumbwi wa kuvuka kwenda Alunguli. Yeye na dada mmoja kijana, Şevval İlayda Tarhan, walipata medali ya fedha katika mashindano ya mchanganyiko ya mita 10. Dhahabu ilikwenda Serbia. Picha ilizunguka dunia nzima ikafika mpaka Mikelenge. Vijana wetu waliona mtu asiye na magwanda, asiyempigia mtu kelele, ameshika bastola na watu wanampigia makofi. Kwao lilikuwa jambo geni kabisa.

Kitu ambacho picha haikuwaambia ni kwamba bastola ile haina baruti. Ni bastola ya upepo. Inasukuma kijirisasi cha milimita 4.5, chenye uzito wa karibu nusu gramu, kwa hewa iliyobanwa, kama ile ya kwenye tairi ya velo lakini imebanwa zaidi sana. Mlio wake ni kama mtu anayepiga kofi moja. Umbali ni mita 10. Shabaha ni karatasi, au chombo cha umeme kinachofanana na karatasi, yenye duara jeusi lisilofikia upana wa sentimita 6, na lile duara la ndani linalokupa pointi 10 lina upana wa milimita 11.5. Chukua kalamu yako ya bik, uipime upana wake, kisha uongeze kidogo tu. Mchezaji anapiga mara 60 kwa dakika 75. Anayepata kumi kila mara anafika 600, na hiyo ni ndoto ya wote.

Sasa jibu lenyewe. Anayeanza, popote duniani, anaanzia na bastola ya upepo, au katika nchi nyingine na bastola ndogo ya kalibari 22, ile ya milimita 5.6, isiyorusha mkono nyuma sana. Haanzii na zile kubwa za milimita 9 zinazovaliwa na walinzi na askari. Sababu ni rahisi kueleza. Bastola kubwa inapolipuka inamfanya mgeni afumbe macho na kukaza mkono kabla hata hajapiga, na mazoea hayo yakishaingia mwilini yanachukua miezi mingi kutoka. Pia kila risasi ya baruti ni pesa. Kijirisasi cha upepo ni bei ndogo mno, kwa hiyo mtu anaweza kupiga mia kwa asubuhi moja na kujifunza kitu.

Baada ya hapo, cha kutazama ni mkono wako. Jina la kampuni halina haraka. Kishikio kikiwa kinene kuliko kiganja, kidole hakifiki vizuri kwenye gasheti, na ukivuta unageuza bastola yote upande. Walimu wa mchezo huu humwambia mwanafunzi aishike, afumbe macho, ainue mkono alenge, kisha afumbue. Kama alama za kulengea ziko palepale alipotaka, kishikio kinamfaa. Kama zimekwenda kushoto au juu, atapigana na bastola yake kila siku. Nyingi za mashindano zina kishikio cha mbao kinachochongwa kidogo kidogo kwa tupa na msasa mpaka kimfae mwenyewe. Nilipowaambia hivyo, mmoja wa wale vijana, ambaye mjomba wake ni seremala, alisema kwa mara ya kwanza ameona kazi ya nyumbani kwao imeingia katika Olimpiki.

Uzito ni jambo la pili. Kanuni za shirikisho la dunia, ISSF, zinataka bastola ya upepo isizidi gramu 1,500, na gasheti yake ihitaji uzito usiopungua gramu 500 ili ivutike. Mgeni hudhani nyepesi ndiyo nzuri. Nyepesi mno inacheza mkononi kama jani, nzito mno inashuka kabla hujamaliza kupumua. Kwa kijana wa miaka 16 ambaye miezi iliyopita alikuwa akila mara moja kwa siku, mimi ningetafuta ya karibu kilo moja, si zaidi.

Halafu kuna namna ya kuweka upepo, na hapa nawasemea watu wa Kindu hasa. Bastola za mabingwa, za Steyr, Walther, Morini, Pardini au Feinwerkbau, zina chupa ndogo ya chuma chini ya mtutu, inayojazwa hewa ya nguvu kwa pompi maalumu au kwa chupa kubwa kama ya wapiga mbizi. Bei yake ni zaidi ya euro 1,000, wala bado hujalipa usafiri. Mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka kama mgeni, na fundi wa kitu hicho yuko mbali sana, chupa hiyo itakuwa pambo. Kuna namna nyingine ya zamani: unafungua mkono wa kubana hewa, unaufunga mara moja kwa nguvu, na hewa ya pigo moja imeshapatikana. Gamo Compact ya Hispania inafanya kazi hivyo, na IZH-46M ya Urusi pia. Hazihitaji chupa, umeme wala duka. Kazi ya kufungua na kufunga kila mara inamfanya mtu apumzike kati ya pigo moja na jingine, na kwa anayejifunza hiyo si hasara hata kidogo. Ningeulizwa nichague moja kwa ajili ya klabu ya vijana katika mji kama wetu, ningechukua ya namna hiyo, ya mitumba, iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine miaka kumi.

Msidharau habari ya kitu kuharibika. Manu Bhaker, binti wa India, alikwenda Tokyo mwaka 2021 akiwa na sifa kubwa, bastola yake ikakataa katikati ya mashindano. Dakika zikapotea wakati inatengenezwa, akakosa fainali. Mwaka 2024 alirudi, huko Paris, akapata shaba mbili. Kama kwa mwenye mafundi nyuma yake mambo yanakuwa hivyo, kwetu itakuwaje?

Lakini niwaambie jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Karibu kila mwalimu wa mchezo huu atamwambia mgeni asinunue chochote kwanza. Aende klabu, aazime ya klabu, ajaribu nne au tano za watu tofauti, na baada ya miezi sita ndipo afikirie yake. Na katika miezi hiyo ya kwanza siku nyingi hapigi hata mara moja. Anainua mkono, analenga ukuta mweupe, anavuta gasheti bila kijirisasi, anashusha. Tena na tena. Kanuni anazofundishwa kabla ya kugusa chombo ni hizi hizi kila nchi: mtutu unaelekea kwenye shabaha tu, kidole hakiingii kwenye gasheti mpaka unalenga, silaha inabaki tupu na wazi mpaka msimamizi aseme, na anayepaza sauti «simama» hata akiwa mtoto, wote wanasimama. Anayecheza nayo anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

Vijana walinisikiliza vizuri mpaka hapo. Aliyenisimamisha ni mama wa yule kijana. Alinikuta siku mbili baadaye karibu na soko, akaniita pembeni kwa heshima. «Papa mwandishi, mtoto wangu alishasikia masasi ya kutosha. Usimpe mengine.» Alinieleza kwamba mdogo wa huyo kijana, msichana wa miaka 7, bado anaingia chini ya kitanda mlango ukipigwa na upepo. Sikuwa na neno la kumjibu haraka. Nikamwambia nitaketi na baba mwenye nyumba wanayokaa, tuzungumze wote.

Tulizungumza. Hofu ya yule mama ilikuwa na pande mbili, na ya pili ndiyo kubwa. Ya kwanza ni sauti. Ya pili ni kwamba huko walikotoka, wanaotafuta vijana wa kuingiza katika makundi hawaanzi kwa kuwaambia «njoo uue». Wanaanza kwa kuwaambia «njoo ujue kulenga». Kumsifu mtoto kwamba ana jicho zuri ni mlango. Kizazi changu kiliona hivyo mwaka 1996 na 1997, wakati wa kadogo, watoto waliobeba bunduki ndefu kuliko miguu yao. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kumwingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha, na sisi sote tunajua sheria hiyo inaishia wapi msituni.

Nilimpa mama yule hoja zangu. Katika mchezo wa duara hakuna shabaha yenye umbo la mtu. Ni jambo la maana sana kwangu, wala si kanuni ndogo. Kuna michezo mingine ya bastola, ile ya kukimbia na kupiga huku saa inahesabu. Chama chake cha kimataifa, IPSC, kilianzishwa Marekani mwaka 1976, na kule Kenya raia wenye leseni wanakutana kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu, kwa michezo ya jamii hiyo. Katika hiyo zimetumika sana shabaha za katoni zenye mabega na kichwa. IPSC wenyewe wana shabaha nyingine ya pembe nane, isiyo na kichwa, kwa sababu nchi nyingi hazikupenda ile ya kwanza. Sina ugomvi na watu wa Kirigiti. Lakini kwa mtoto aliyekimbia usiku, mimi siweki mbele yake katoni yenye mabega.

Nikamsimulia pia habari ya Károly Takács. Huyu alikuwa askari wa Hungaria, mpiga bastola hodari. Mwaka 1938 grenedi mbovu ililipuka katika mkono wake wa kulia, mkono uleule wa kulengea, ukaharibika. Alijifunza kwa siri na mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata alijitokeza kwenye mashindano ya nchi yake. Wenzake wakadhani amekuja kuwatazama, kumbe amekuja kushindana, na akawashinda. Michezo ya 1940 na 1944 haikufanyika kwa sababu ya vita. Alingoja. London, mwaka 1948, akiwa na miaka 38, alichukua dhahabu ya mita 25 kwa mkono wa kushoto, na Helsinki mwaka 1952 akachukua tena. Baba mwenye nyumba, ambaye kaka yake alipoteza vidole viwili, aliuliza mara mbili kama ni hadithi au ni kweli. Ni kweli. Na walemavu wana mashindano yao ya kulenga katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1976.

Mama alisikiliza yote. Kisha akasema anakubali mtoto ajifunze kulenga, ila nyumbani mwao neno bunduki lisitajwe kwa furaha. Niliona ni sharti la haki.

Kuna sheria pia, na siwezi kuwaficha. Silaha na masasi katika nchi yetu viko chini ya ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hashiki silaha bila kibali cha wenye mamlaka. Juu yake kuna Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, inayotaka silaha ndogo zote za eneo letu ziandikwe na zifuatiliwe. Kwa hiyo, ninyi mnaoniandikia kwamba mnamjua mtu Goma au Bujumbura anayeweza kuwaletea bastola ya upepo kwenye begi: msifanye. Haina baruti, ndiyo. Lakini saa mbili usiku kwenye kona ya avenue, askari anayeona umbo lile mkononi mwako hatapima kalibari. Mchezo huu utaingia Kindu kwa mlango wa mbele tu, yaani klabu yenye karatasi zake, sanduku lenye kufuli, msimamizi anayejulikana, na polisi wamearifiwa. Kama siku hiyo itakuja, mimi nitakuwa wa kwanza kuitangaza hapa.

Kwa sasa yapo mambo ambayo mabingwa wenyewe wanafanya na hayahitaji kibali cha mtu yeyote.

La kwanza ni chupa ya maji. Lita moja ni kilo moja, na hiyo ni karibu na uzito wa bastola ya mashindano. Simama ubavu, miguu imeachana upana wa mabega, mkono mmoja mfukoni au kiunoni kama yule Mturuki (kwa nini mfukoni? ili bega lisicheze, si majivuno), mwingine umeunyoosha na chupa. Tazama nukta moja ukutani. Sekunde 30, shusha, pumzika dakika moja, rudia. Tulijaribu barazani kwangu. Kijana mmoja mwenye misuli ya kubeba magunia bandarini alianza kutetemeka kwenye sekunde ya 20, na dada mmoja mwembamba anayechota maji kila asubuhi alifika 50 akiwa anacheka. Nguvu ya kubeba na nguvu ya kutulia hazikai katika chumba kimoja.

La pili ni kujua jicho lako. Nyoosha mikono yote miwili, unganisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo, kwa mfano ncha ya mnazi. Fumba jicho la kushoto. Kama mnazi umebaki, wewe ni wa jicho la kulia. Kama umetoweka, ni wa kushoto. Yule kijana wa Shabunda anaandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lake ni la kushoto. Mtu wa namna hiyo akinunuliwa bastola bila kupimwa, atahangaika mwaka mzima bila kujua kwa nini.

La tatu ni manati. Mnacheka, lakini manati ina karibu kila kitu: mkono uliotulia, pumzi, kuachia bila kustua. Tumepata uwanja nyuma ya nyumba ya jirani, ukuta wa matofali mabichi mwisho wake. Tunatumia vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani, kwa sababu vikigonga ukuta vinavunjika na havirudi machoni mwa mtu. Jiwe haliruhusiwi, ndege haruhusiwi, kuku wa jirani hata kumtazama haruhusiwi. Mstari umechorwa kwa majivu, mita 10 kwa hatua zangu, na hakuna anayeuvuka mpaka wote wameweka manati chini. Duara tunalichora kwa makaa kwenye katoni, upana wa sahani, na katikati kifuniko cha chupa.

Jumamosi iliyopita walikuja 11, wanne kati yao wasichana. Katika mapigo 10 kwa kila mmoja, kifuniko kiliguswa mara mbili tu. Mama wa Shabunda alikuja pia na binti yake mdogo, wakakaa mbali kidogo chini ya mwembe. Katikati ya mchezo mtoto alisogea, akaomba kazi ya kukusanya katoni zilizotobolewa. Zitakazotumika tena anazo yeye, kwa hiyo anayetaka kucheza Jumamosi hii aanze kwa kumwomba.